Shukrani Ambazo Mama Bahati Hakutoa

Alhamisi, 8 Mei

Kola za sare tangu asubuhi. Shule zinafunguliwa mwisho wa mwezi na Mengo nzima, hapa Kampala, imekumbuka leo kwamba watoto wanakua. Tajiri wetu anapita nyuma ya cherehani bila kusema neno, na hiyo ndiyo namna yake ya kupiga kelele. Nakato, anayekaa jirani yangu na kushona vifungo, anaimba nyimbo za kwaya ya kanisa letu. Mimi siimbi.

Sijaomba tangu kabla ya Pasaka. Haya, nimeandika. Ya mdomoni naomba, chakula kikiletwa au mkutano ukifunguliwa. Ile ya kukaa chini na kusema na Mungu imekauka. Ningekuwa nimefiwa, ningejua la kusema. Sijafiwa. Siumwi. Kazi ninayo, chumba ninacho, mama yangu kule Busia anakula na kulala. Imekauka tu, kama bomba la maji linavyokauka bila tangazo. Naona haya hata kuliita jaribu.

Na kila Jumapili nasimama mbele na maiki. Mahubiri ya Luganda nawageuzia Kiswahili Wakongo, sisi Wakenya na wale polisi wachache waliozoea Kiswahili cha kambini. Mmoja wao akitaka kusema, namgeuzia Luganda. Watu husema Dada Rozi akitafsiri utadhani maneno ni yake. Laiti wangejua.

Pasta amepiga simu. Jumapili Mama Bahati anakuja kushukuru. Mwanawe, Bahati, tulimzika Machi. Ugonjwa wa damu, alizaliwa nao. Kanisa zima lilifunga na kuomba. Hapa desturi ni hiyo: msiba ukishapoa, mfiwa anakuja mbele kuwashukuru waliomsindikiza. Luganda hajui, kwa hiyo nitasimama naye.

Jumapili, 11 Mei

Nimefanya jambo baya. Naliandika upesi kabla sijalipamba.

Mama Bahati alivaa kitenge cha bluu. Alishika maiki kwa mikono miwili. Akasalimia, nikageuza. Akawashukuru waliopika, waliochimba, waliolala naye matangani. Nikageuza neno kwa neno. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Halafu akanyamaza. Nikadhani amemaliza, nikanyoosha mkono nipokee maiki. Hakunipa. Akasema:

"Ushuhuda mimi sina. Niliomba, na ninyi mulifunga, na mutoto akakufa. Kila asubui naamuka nauliza Mungu, ulikuwa wapi? Hajanijibu. Nakuya hapa sababu sina fasi ingine ya kwenda."

Watu walikuwa wananitazama mimi. Yeye walimtazama kwa adabu tu, maana habari yenyewe hutokea kwangu. Pasta alikuwa ameshatabasamu. Nikafungua mdomo, na kwa Luganda safi nikasema: mtoto ameondoka, lakini kila asubuhi naamka na kusema na Mungu, na sina kwingine pa kwenda ila kwake.

Ujanja ulioje. Karibu kila neno lake limo. Nililong'oa ni swali tu, pamoja na kule kutojibiwa.

Vigelegele. Wanawake wa mbele walisimama. Kinanda kikaingia. Mama Bahati akageuka akanitazama. Luganda hajui, lakini alijua kwamba alichokisema hakipigiwi vigelegele. Alinipa maiki bila kuitazama, akarudi benchi la nyuma.

Jumatatu, 12 Mei

Nilimkinga. Wangemsema vibaya. Pasta angelazimika kumrekebisha mbele za watu, na mwanamke yule amerekebishwa vya kutosha na dunia. Tena mkalimani mzuri hutafsiri maana, hafuati maneno kama kondoo.

Nimesoma sababu zangu. Nzuri zote. Chakula kimenishinda.

Jumanne, 13 Mei

Si kweli kwamba nilimkinga. Nililing'oa swali kwa sababu ni langu. Nilisikia swali langu likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, tena mwenye haki ya kuliuliza, nikaogopa kwamba likipita kwangu watu watatambua limezoea njia.

Jumatano, 14 Mei

Nakato haimbi leo. Mimba yake ilitoka mwezi uliopita, na hapa kazini ninayejua ni mimi peke yangu. Akitaka wengine wasielewe huniambia kwa Kiswahili chake.

"Ule maama mutoto nakufa, lakini yeye kira siku naongea na Katonda, Mungu wetu," akasema. "Mimi Katonda hapana ona. Mimi naona tu damu. Dada Rozi, mimi iko mubaya sana."

Nilimwambia asijilinganishe na watu. Nikakata uzi, nikaendelea na kola. Hiyo ndiyo huduma niliyotoa.

Ijumaa, 16 Mei

Pasta tena. Kuna kongamano la akina mama mwanzoni mwa Juni. Anataka Mama Bahati aje atoe "ule ushuhuda wa kila asubuhi". Tayari una jina! Watu wamempigia simu, anasema, wamejengeka. Mmoja alikuwa ameacha kanisa na sasa anarudi. Mimi nimwandae Mama, kisha nisimame naye kama siku ile, maana nilitafsiri kwa upako.

Nikasema, sawa Pasta.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Yangu wanairefusha watu wema.

Jumapili, 18 Mei

Mama Bahati hakuja.

Wakongo wa benchi la nyuma huwa wananipa mkono ibada ikiisha, mmoja mmoja, hata watoto. Leo wametoka kwa mlango wa pembeni. Wao wanasikia Kiswahili, na Luganda ya sokoni wanaijua. Wanajua nilichofanya. Hawakusema siku ile na hawatasema, kwa sababu mgeni hagombani na mwenye maiki. Mimi nami ni mgeni hapa, lakini nimekaa sana karibu na maiki hiyo nikasahau.

Mahubiri yalikuwa ya zaka. Nilifurahi, hayakunigusa popote.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Kola. Nimejaribu kuomba nikafika "Baba" nikasimama hapo.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda kwa Mama Bahati. Anakaa Nsambya, nyuma ya nyumba za reli, na husuka nywele barazani. Nilimkuta na mteja. Akanionyesha kigoda. Hakunisalimu zaidi ya pale. Akaniwekea rundo la nywele za bandia mapajani nimtenganishie nyuzi, nami nikatenganisha mpaka mteja alipoondoka na kichwa chake kizuri. Mimi, Dada Rozi wa upako.

Kisha akauliza: "Uliwaambia nini, mupaka wakapiga vigelegele?"

Nikamwambia. Lote. Hata lile la kwamba swali lake ni langu pia, kwamba siombi, kwamba niliogopa. Nakiri kwamba nilitumaini hilo la mwisho litamlainisha. Tungelia pamoja, tungesameheana, chai ingechemka.

Halikumlainisha. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Ile ya kwako, uulize wewe mwenyewe," akasema. "Ile ya kwangu uliiba. Mume aliuawa, nikakimbia. Nyumba ilibakia Goma. Mutoto amelala huku kwa udongo wa wenyewe. Ile swali ndiyo kitu nilikuwa nayo. Na uliikamata, ukawapa kitu ingine."

Akaendelea. Kumbe wiki hizi wanawake wamekuwa wakimsimamisha njiani, wanamkumbatia, wanacheka kwa furaha, wanampa ndizi. Haelewi wanasema nini. "Nikasema labda ni desturi ya Baganda. Labda huku mufiwa anapongezwa."

Nikaomba msamaha. Akasema yeye hatasimama tena mbele ya mtu. "Wewe ulisema. Wewe utoe ile uongo mbele yao."

Hakunipa hata maji ya kunywa. Alikuwa na haki.

Jumapili, 25 Mei

Sikutoa.

Nilikuwa nimejipanga. Wakati wa ushuhuda, nitangulie, niseme, niketi. Nilivaa hata viatu visivyolia. Pasta akanipa maiki kwa matangazo, nikaanza kuyageuza. Tangazo la tatu lilisema Mama Bahati atasema katika kongamano la akina mama, wote mnakaribishwa. Nikaligeuza kwa Kiswahili, benchi la nyuma likiwa linanitazama. Hilo nililitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno.

Mimi ni mwoga. Kanisani tuna maneno laini kwa watu kama mimi: anapitia kipindi, yuko bondeni, adui anampiga vita. Hakuna adui hapa. Ni mimi na mate yangu ninayomeza.

Najua ninachoogopa. Nje ya lile kanisa mimi ni Mkenya anayeshona kola, bila mume, bila mtoto, ambaye mwenye nyumba hajui hata jina lake la pili. Ndani nina jina. Watoto wananiita Dada Maiki. Nikisema ukweli nitarudi kuwa mtu wa kola tu, na Mungu mwenyewe siku hizi hanijui. Nani atabaki?

Jumatano, 28 Mei

Nakato ameanguka kazini. Kichwa kidogo kigonge chuma cha cherehani. Tulimlaza juu ya vitambaa vya sare, tukampepea. Tajiri akadhani ni malaria. Nilipobaki naye akaniambia kwa kunong'ona kwamba amefunga tangu Jumapili, hali wala hanywi mchana, usiku uji tu. Anaomba apewe moyo kama wa Mama Bahati. Moyo wa kuamka asubuhi bila kuuliza kitu.

Kuna aibu ya uso na kuna aibu ya tumbo. Hii ilikuwa ya tumbo.

Nikamwambia. Hapo hapo, kwa Luganda, asikose hata herufi. Alichosema Mama. Nilichosema mimi. Akauliza polepole, "Kumbe na yeye anauliza?" Nikasema kila asubuhi. Akalia. Hakuwa amelia tangu mimba ilipotoka, siku ile alirudi kazini akaimba. Leo alilia kwa sauti mpaka wateja wakachungulia.

Alipomaliza akazisukuma kola zangu zote chini. "Wewe Mukenya mubaya," akasema. "Mimi rikuwa nakufa na njaa." Kisha akala chapati yangu na yake pia, na mimi nikaokota kola.

Alhamisi, 29 Mei

Nimempigia Pasta nikamweleza. Pasta si mtu mbaya. Alimbeba Bahati mgongoni siku alipozidiwa na gari halikuwapo, nililiona kwa macho yangu. Ila ana kanisa la kuendesha.

Akasema: "Dada Rozi, ulikosea. Lakini Mungu amelitumia. Watu wamejengeka. Mama tutamwacha apumzike, kongamano litapata msemaji mwingine. Tuliache hapo, tusiwavunje walio wachanga."

Nikamshukuru. Kwa dakika chache nilipumua kama mtu. Mlango umefunguliwa, tena na mchungaji mwenyewe, nipite tu. Nikapika, nikala vizuri kwa mara ya kwanza.

Halafu nikawaza ni akina Nakato wangapi wanafunga njaa kwa sababu ya ule ushuhuda. Pasta hupigiwa simu na waliojengeka. Waliobomoka hawapigi simu.

Jumamosi, 31 Mei

Naogopa. Sijaandika zaidi kwa sababu hakuna zaidi.

Jumapili, 1 Juni

Wakati wa ushuhuda nilipanga foleni kama watu wote. Mbele yangu mtu alipata kazi, mwingine alipona jino. Pasta aliponiona alitikisa kichwa kidogo sana kunikataza. Nikaendelea.

Nilisema kwa Luganda kwanza, kisha kwa Kiswahili ili benchi la nyuma lisikie kutoka kwangu. Nikasema Mama Bahati hakutoa ule ushuhuda, niliutunga mimi. Nikasema maneno yake hasa ni haya, nikayasema yote kwa mpango wake: aliomba, tulifunga, mtoto akafa, kila asubuhi anamuuliza Mungu ulikuwa wapi, hajajibiwa, anakuja hapa kwa sababu hana mahali pengine. Nikaongeza kwamba mimi nami siombi, na wala sina msiba wa kusingizia.

Hakuna kigelegele. Mpiga kinanda aliweka vidole na kuviondoa. Nimezoea kimya cha watu wanaonisubiri niseme. Hiki hakikuwa hicho. Macho yalinishuka kuanzia kichwani mpaka viatuni, na ya wanawake wa mbele yalikuwa makali. Walikuwa wamesimama kwa ajili yangu, nami niliwadanganya miguu yao.

Nakato akasimama. Alisimama tu katikati ya kwaya na joho lake. Kisha mama mmoja wa upande wa dirisha, ambaye namjua kwa kofia zake tu, akainamisha uso akaanza kulia taratibu. Binti yake akamshika. Pasta akapokea maiki, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Mama Bahati hakuwapo. Nilipotoka, mzee mmoja wa benchi la nyuma alinipa mkono. Hakutabasamu. "Sasa umetafsiri," akasema.

Sikujisikia mwepesi kama wanavyosimuliaga. Nilijisikia uchi. Nilirudi nyumbani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 4 Juni

Pasta anasema nipumzike kutafsiri. Alisema kwa upole, na alisema "kwa muda" mara nyingi hadi nikajua si kwa muda. Kijana wa kwaya atashika maiki.

Nikasema ni haki. Kisha nikaenda choo cha nyuma ya karakana nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Ndivyo nilivyo. Nililia zaidi kwa ajili ya maiki kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili ya Mungu kukaa mbali. Naliandika ili nisijidanganye baadaye kwamba nilikuwa shujaa.

Jumapili, 8 Juni

Niliketi benchi la nyuma. Wakasogea kunipa nafasi.

Kijana anaruka maneno. Mithali aliigeuza ikawa tangazo. Ulimi uliniwasha, nikauuma. Lakini jambo moja sikulitegemea: nilisikia mahubiri. Miaka yote hii maneno yaliingia sikioni na kutokea mdomoni bila kukaa mahali. Leo hayakuwa na pa kutokea. Moja lilibaki. Pasta alisema kwamba katika Biblia Mungu hakumkemea mfiwa aliyemlilia, waliokemewa ni marafiki waliomtungia majibu. Alisema hilo na kuangalia chini, sijui kama alinikusudia mimi au alijikusudia yeye.

Mama Bahati alikuja. Aliketi mwisho ule wa benchi. Hakunisalimu. Wanawake walimfuata baada ya ibada, na safari hii hawakucheka. Yule wa kofia alimshika mikono wakakaa tu, kila mtu na lugha yake. Hakuna aliyeniita niwatafsirie.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Bahati alimtuma mtu kazini: nikimaliza nipite kwake. Nilifika saa kumi, jua bado liko. Hakuwa na mteja. Aliniingiza ndani. Chumba kimoja, kitanda kimetandikwa, shati la shule limetundikwa ukutani.

"Sijakusamehe bado," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

Akasema leo Bahati angefikisha miaka kumi na minane. Alitaka kuomba na hakutaka kuomba peke yake, na watu wengine wote anaowajua wangemhimiza afurahi. Basi akaomba. Macho wazi, mikono kiunoni, kama mtu anayegombana na jirani juu ya ua. Alimtajia Mungu kila kitu kwa jina, hospitali, jina la dawa, rangi ya blanketi. Alimuuliza lile swali lake. Alisubiri. Sikuwahi kusikia mtu akisubiri hivyo katikati ya sala, kama kwamba jibu linaweza kuingia mlangoni wakati wowote. Halikuja. Akasema amina hata hivyo.

Kisha akanitazama. "Na wewe."

Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya watu wengine, mazuri, yenye upako, nikayaacha yapite moja moja.

"Mungu," nikasema, "ni Rozi. Sijui kama unanisikia."

Nikangoja kama alivyongoja yeye. Hakuna kilichotokea. Sikuwa na lingine la kuongeza na sikuongeza.

"Amina," akasema Mama Bahati. Akainuka kutafuta kiberiti, awashe jiko.